Kapu la Maharage ya Ijumaa

"Mbeba kapu naye ana njaa." Ndivyo mama yenu alivyomwambia jirani, nanyi mkaangua kicheko, eti mtu awe na chakula kichwani kisha awe na njaa! Haya, kicheko kiwekeni pembeni. Sogeeni niwaambie neno hili lilikotoka, maana aliyelisema siku ile hakuwa akitania.

Palikuwa na shule ya sekondari ya kutwa huko Rungwe, kwenye baridi na mvua isiyokatika. Wanafunzi walikuwa na klabu ya kusaidia wasiojiweza, na mwenyekiti wake aliitwa Atupele, msichana wa kidato cha tatu, mwepesi wa miguu na wa ulimi pia. Kila Ijumaa asubuhi, mstarini, kila mwanafunzi alikuja na kikombe cha maharage kutoka kwao akakimimina kapuni. Asiyeleta alisimama mbele ya wenzake mpaka kengele ilie. Sheria hiyo aliitunga Atupele mwenyewe, na alijivunia sana.

"Kikombe kimoja tu!" alikuwa akisema. "Anayekosa hata hicho si maskini, ana roho mbaya."

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Sekela. Huyo ndiye aliyebeba kapu, siku nenda siku rudi, wala hakukubali kupokewa. Na mbeba kapu haulizwi kikombe chake. Nani amuulize, na yeye ndiye anayewakingia wengine? Punje ikidondoka njiani, Sekela aliinama, akaiokota, akaitia mfukoni.

"Mwoneni mwenzenu," Atupele aliwaambia wanaklabu, "hata punje ya sadaka haiachi ipotee!"

Jamani, macho tunayo, lakini kuona ni kazi nyingine.

Jina la nyumba ya kupelekewa lilitoka kwa mtendaji wa kijiji, kwenye karatasi iliyokunjwa. Lilisomwa njiani tu, ili watu wasisengenywe mapema. Ijumaa moja mchana, walipokwisha kuvuka mto, Mwalimu Kibona, mlezi wa klabu, akaikunjua ile karatasi.

"Bibi Tupokigwe. Nyumba ya mwisho, nyuma ya mashine ya kusaga."

Sekela akasimama ghafla.

"Nini tena?" Atupele akamuuliza.

"Tumbo. Pokea kapu, Atu, mimi narudi."

"Loo! Leo ndio unaingiwa na uvivu? Twende bwana, hakuna anayependeza nalo kama wewe." Akamsukuma mgongoni kwa utani, kisha akaanzisha wimbo wa klabu.

Walifika wakiimba na kupiga makofi. Mtoto wa miaka minne hivi akachomoka mlangoni mbio, miguu mitupu kwenye tope, akaukumbatia mguu wa mbeba kapu.

"Bibi! Dada Sekela amekuja na watu!"

Wimbo ukakatika. Mikono ya Atupele ilibaki hewani, kofi halijakamilika. Alimtazama mtoto, akamtazama rafiki yake.

Bibi akatoka ameshika mwimo wa mlango, uso umejaa furaha. "Karibuni, wajukuu zangu. We Sekela, mbona hukusema unakuja na wenzio? Ningewapikia hata..." Atupele akayaona mafiga matatu kando ya mlango, na majivu yaliyolowa mvua ya juzi.

"Sekela," alisema, "si uliniambia unakaa kwa shangazi yako kule barabarani? Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wapi, Atu? Pale mbele, unaposimamisha wenye roho mbaya?"

Sekela akawageukia wenzake wote.

"Jumatatu msinitafute. Shule basi."

Bibi alikuwa ameyasikia yote. Akalishusha kapu kichwani mwa mjukuu wake, taratibu, kisha akamgeukia mwalimu. Hakukasirika. Alishangaa tu, mshangao wa mtu mzima asiyeamini masikio yake.

"Mwalimu, mtoto huyu amewabebea chakula mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amekula? Mbeba kapu naye ana njaa!"

Jumatatu dawati la Sekela lilikuwa tupu. Atupele akaenda mstarini, akasimama palepale alipokuwa akiwasimamisha wenzake, akaifuta sheria yake kwa kinywa chake mwenyewe. Kapu likahamishiwa stoo ya vifaa vya michezo. Mwenye nacho aingie peke yake aweke, asiye nacho aingie peke yake achukue, na asiulizwe mtu. Jumanne likajaa pomoni.

Alhamisi Atupele alichungulia. Mungu wangu! Kapu lilikuwa nusu.

Na Sekela hakuwa amekanyaga shuleni wiki nzima. Ni nani basi? Atupele alirudi darasani akizitazama sura za wenzake moja moja. Ni walewale waliokuwa wakimimina vikombe kila Ijumaa huku wakicheka. Vikombe vile vilitoka kwenye chungu gani? Alijiona hamjui hata mmoja wao.

Kengele ya mwisho ilipolia, alikimbia moja kwa moja mpaka nyuma ya mashine. Sekela alikuwa uani akichambua mboga za majani, wala hakuinua uso.

"Sikukuletea kitu," Atupele akasema akihema. "Nimekuja kukuambia kwamba kapu limepungua nusu, na wewe hukuwepo."

Mikono ya Sekela ikatulia. "Nusu?"

"Nusu nzima. Simjui aliyechukua, na sitauliza."

Kesho yake asubuhi, Sekela alikuwa kwenye dawati lake. Hakuna aliyemwimbia, hakuna aliyempigia makofi. Atupele alisogeza daftari tu, akampisha akae.

Sasa nendeni mkacheke, kama mnaweza. Mbeba kapu naye ana njaa.