Mvua ya Mwezi wa Saba

Ndugu zangu, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo. Kuna mtu nataka mumfahamu.

Alikuwa dereva wa malori ya magogo, amestaafu, anaishi kule juu Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba ukiamka asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani kama mtu amemwaga chumvi. Jina lake tuliache. Alikuwa mtu asiyejua kukaa. Miaka thelathini ya usukani ilikuwa imemzoesha kwenda tu, na sasa alibaki na safari moja, nayo ni nyumba yake. Nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, mabati mekundu, dari nyeupe. Aliyeezeka aliitwa Mligo, fundi mwenye sifa mji mzima. Alipomaliza, Mligo aliacha matundu kumi na mawili chini ya upenu, kila moja limefunikwa wavu.

"Haya ni ya hewa, mzee," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakutaka aonekane hajui.

Mwaka ule akamleta mama yake mzazi kutoka Usangu. Mama wa miaka themanini, ametoka kwenye joto, anakuja kulala kwenye baridi ile! Alitetemeka mpaka kikombe cha chai kikawa kinagonga meno. Mwanawe hakuvumilia. Akaenda kwenye mashine ya mbao wanakomjua, akajaza magunia ya maranda, akapanda juu ya dari na kuyamwaga kote, unene wa shubiri nzima. Alipofika pembeni akakutana na yale matundu ya Mligo, upepo unaingia unapiga mluzi. Akasema, "Kumbe baridi inapitia hapa!" Akasukumia maranda mpaka mwisho, akashindilia magunia matupu, akapiga na saruji kwa nje.

Nyumba ikapata joto. Mama akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki." Mtoto gani hafurahi kusikia hivyo?

Haikupita wiki mbili, asubuhi moja mama akaita. Tone la maji limeanguka juu ya blanketi lake. Halafu jingine. Mzee akainua macho akaona doa la kahawia kwenye dari nyeupe, ukubwa wa sahani.

"Paa linavuja," akasema.

Mama akachungulia dirishani. Jua linawaka, mbingu haina wingu. "Mvua ya wapi, baba? Si mwezi wa saba huu?"

Lakini yeye alikwisha kushika ngazi. Siku ile alipaka lami kichwa cha kila msumari upande wa chumba cha mama. Kesho yake, tone. Akapaka upande wa pili. Keshokutwa, tone, tena mahali pawili. Akahamisha kitanda cha mama karibu na mlango, doa likafuata. Akakirudisha dirishani, likawahi. Akawa hali akashiba. Kijiko kimoja cha ugali, anasimama, anatoka nje kutazama paa. Mkewe anaongea naye, yeye anasikiliza dari. Hata kanisani, mhubiri anahubiri, yeye kichwa juu, anahesabu misumari ya watu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nyumba imechezewa. Akawajibu kwa ukali, "Shetani hana haja ya kupanda kenchi za paa langu. Ni Mligo! Amenipigia mabati ya matobo."

Mnaona jinsi mtu anavyofika hapo? Hakuanza kwa chuki. Alianza kwa kukosa usingizi wa roho, na roho isiyotulia hutafuta jina la mtu.

Mligo wakati ule alikuwa juu ya paa la zahanati mpya, amepewa kazi na kamati ya kijiji. Mzee akafika pale saa nne asubuhi, watu wamejaa, mafundi, wajumbe, akina mama waliobeba maji ya saruji.

"Mligo! Shuka!"

Mligo akashuka, akafuta mikono. "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako kaa nayo. Mama yangu analoa kitandani kwa ajili yako. Mabati yako yana matundu, na hawa nao utawaezekea hivyo hivyo?"

"Mzee wangu, nipe nafasi nije nione kwanza."

"Uje uone nini? Mimi sina macho?"

Wajumbe wakatazamana. Nani atataka wagonjwa wanyeshewe? Jioni ile Mligo aliambiwa akusanye vifaa vyake. Mzee akarudi nyumbani akidhani moyo utatulia. Haukutulia. Asubuhi, tone.

Ikafika Alhamisi moja. Mzee yuko juu ya paa na kopo lake la lami, anagonga msumari, na mara akasikia chini yake sauti nzito, puu! kama gunia limedondoka. Kisha mama akapiga kelele. Maranda yale yalikuwa yamekunywa maji wiki baada ya wiki, yakawa mazito kama udongo, na dari ikachoka. Ilikuwa imemwangukia mama kitandani.

Mzee alishuka ngazi bila kujua anakanyaga wapi. Alipoingia chumbani alimkuta mtu amekwisha kupiga magoti, anafukua maranda mabichi kwa mikono miwili, anasema, "Pole, bibi, usijitikise, nakutoa." Unafikiri alikuwa nani? Alikuwa Mligo. Alikuwa anapita njiani akitafuta kibarua, akasikia kelele, akaingia.

Wakamtoa mama. Bega lilikuwa limeteguka, lakini anapumua, anaongea. Mke wa mzee na majirani wakamkimbiza hospitali. Mzee akataka kufuata, Mligo akamshika mkono.

"Mzee, dakika mbili tu. Panda na mimi."

Wakapanda kwa lile pengo la dari, mpaka wakakaa juu ya kenchi. Mligo akawasha tochi, akamulika chini ya mabati. Bati lote lilikuwa limejaa matone, kama mtu aliyetoka jasho.

"Sasa nazima tochi," akasema Mligo. "Usitazame lile pengo tulilopandia. Tazama juu. Jua linawaka nje. Bati likiwa na tundu hata la ncha ya sindano, litaonyesha mwanga. Niambie unauona wapi."

Mzee akatazama. Akageuza shingo kushoto, kulia. Juu giza. Giza tupu.

"Sioni."

"Na kule pembeni, niliacha matundu kumi na mawili. Yale yalitakiwa yaonyeshe mwanga. Mbona nako giza?"

Mzee akatambaa mpaka pembeni, akapapasa magunia aliyoyashindilia mwenyewe.

"Haya maji hayatoki mbinguni, mzee. Ni mvuke wa chungu chenu cha maharage. Ni maji yenu ya kuoga. Ni pumzi zenu wenyewe. Vinapanda huku, havina pa kutokea, vinakutana na bati la baridi, vinawarudia."

Yule mtu, ndugu zangu, alishikilia kenchi akalia.

Hospitalini mama alimwambia, "Mwanangu, ulinifunika vizuri. Ila ulinifunika mpaka puani." Na kesho yake mzee alikwenda kwenye zahanati, saa nne ileile, watu walewale. Akavua kofia. Akasema kwa sauti, "Paa la Mligo halina tundu. Aliyeziba ni mimi, na aliyesema uongo hapa ni mimi."

Mnangoja niwaambie kwamba Mligo alirudishiwa kazi? Hakurudishiwa. Fundi mwingine alikwisha kupanda. Mligo alikuja akazibua matundu, akatandaza maranda makavu na kuacha nafasi ya kiganja pembeni, nyumba ikawa na joto na ikawa kavu. Lakini ile kazi ilikwenda, na mpaka leo wapo watu wa vijiji vya mbali waliosikia tuhuma na hawajasikia toba.

Sasa tujiangalie sisi. Ni mara ngapi tumeziba kila mahali ambapo neno la mke, la mtoto, la jirani lingeweza kuingia, tukiita kule kuziba upendo, au heshima? Na moyo ukianza kutudondokea, tunatoka na ngazi kumtafuta mbaya wetu! Mkwe. Bosi. Mchungaji. Tunamtaja mbele za watu. Ndugu, kama unalowa na mvua hainyeshi, acha kumtazama mwenzako.

Na wewe ambaye umekwisha kumchafua mtu, usinong'one toba chumbani kwako ikiwa ulimtukana uwanjani. Rudi uwanjani. Nenda upesi, maana kila siku unayochelewa, maneno yako yanafika kijiji kingine.

Wanakwaya, naomba msisimame bado. Kuna mtu humu anataka kutoka sasa hivi aende nyumba ya fulani. Tumpishe apite.