Alama Tano za Mzee Gaudens

Mwaka 1993 wakulima wa mboga wa bondeni Tabata walikubaliana kupima mashamba yao kwa fomu moja. Udongo, mbolea, dawa na maji, kila kimoja kilipewa alama moja hadi tano, ili ijulikane shamba lipi litalimika miaka mingi bila kuchoka. Mwenyekiti wao, Mzee Gaudens, alikuwa mchapakazi kweli kweli, lakini majivuno, Mungu wangu, yalimjaa hadi kwenye ndevu!

Kisima chake kilikuwa kimeanza kuingia chumvi. Mkewe, Editha, alimsihi, "Baba, sema ukweli. Matuta haya tisa ndiyo yanayotulisha."

"Mwenyekiti apate alama moja? Uso wangu nitauweka wapi?"

Siku ya kupimwa, alichota ndoo ya maji ya bomba akaitua ukingoni mwa kisima. Apolonia, bibi shamba, alionja, akaandika tano. Kwa jirani, Tabu, mambo yalikuwa mengine. "Dada, maji yangu mabaya," alisema mama huyo waziwazi. "Andika ulichoonja." Akapata moja. Gaudens akacheka chini kwa chini.

Jumapili matokeo yalisomwa. "Mwenye alama ya chini tutamchimbia kisima kipya," alitangaza Apolonia, "sote, kabla ya kiangazi." Gaudens alishika sururu akaongoza uchimbaji kwa Tabu, na kila mtu alipomsifu kwa kujitolea, alitamani shimo lile limfukie yeye.

Kiangazi kilipokaza, mchicha wake uligeuka manjano, kisha ukakauka, matuta yote tisa. Kikundi kilikuja kutazama. Apolonia alichota maji kisimani, safari hii kwa mkono wake, akaonja, akayatema. Alimpa mzee kikombe.

Gaudens alikunywa. Macho hayakuinuka.

"Niliwadanganya," alisema. "Yalikuwa maji ya bomba. Niliona haya."

"Jamani, mzee wangu," Tabu alimwambia kwa upole, "tulichimba kimoja, tungeshindwa viwili?"

Heri angetukanwa. Upole ule ulimchoma kuliko matusi, akafunika uso kwa kofia mbele ya watu wote.

Mchana huo Editha, mke wa mwenyekiti wa wakulima wa mboga, alikwenda kwa Tabu kununua mchicha wa kula. Naam, wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.