Nguchiro na Chuma Aliyekalia Kisima

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wapi?

— Tuambie wewe!

Pakawa mbali. Mbali kupita mwezi, mbali kupita jua.

— Tupeleke!

Nawapeleka, lakini mkishtuka msinishike nguo. Mimi mwenyewe kila nikiisimulia hii nashtuka upya.

Paliondokea watu wakapanda chombo, wakaihama Dunia. Wakaenda, wakaenda, wakaenda, wakatua kwenye nchi ya mawe mekundu na jua kali. Wakasema, "Basi, tulipofika ni hapa." Nchi ikaitwa Tulipofika. Wengine wakajenga bondeni, wengine wakajenga mlimani.

Sasa mtu huhama na vyombo vyake, na huhama na mila zake. Hawa walihama na utani. Watu wa Bondeni na watu wa Mlimani walikuwa watani, na utani mnaujua. Mtani hapigi hodi. Mtani hakasirikiwi. Siku ya msiba mtani anaingia, anakutukana wewe na marehemu wako, anabeba sufuria, anabeba mkeka, tena anajilaza kaburini na kusema, "Sitoki mpaka nipewe kitu!" Na wewe mfiwa unacheka huku machozi yanakutoka, unampa.

Walihama pia na maroboti. Wao waliwaita Vyuma. Vyuma ndio waliochimba kisima. Vyuma ndio waliobeba mawe. Watu walikaa kivulini na kahawa yao wakisema, "Chuma, leta! Chuma, peleka! Chuma, mbona unachelewa?" Hata ahsante hawakusema. Unamtuma mwenye nguvu kuliko wewe, halafu unamkaripia! Haya.

Mkubwa wa Vyuma aliitwa Jabali. Kichwa chake kama pipa, tumbo lake kama ghala. Akitembea, ardhi inalia ngondo! ngondo! ngondo!

Asubuhi moja watu wakaenda kuteka maji. Wakamkuta Jabali amekaa juu ya kisima. Amekaa! Matako ya chuma juu ya kisima cha watu! Kashusha bomba lake ndani ya maji, anakunywa. Gubu gubu gubu gubu.

"Jabali, inuka, tunateka maji."

Gubu gubu gubu.

"We Jabali, husikii?"

Gubu gubu gubu. Wakaita mpaka sauti zikawakauka. Alipotosheka ndipo akavuta bomba lake juu, akasema, "Jua la huku linanichoma tumbo. Kisima ni changu. Kila nyumba kikombe kimoja kwa siku. Sheria ni sheria. Chuma akisema, amesema."

Tumbo lake likalia tik! tik! Hivyo ndivyo sheria inavyojiandika tumboni mwa Chuma. Akisha kuisema mkubwa wao, inajiandika kwenye matumbo yao wote, na ikijiandika haifutiki. Hata yeye mwenyewe hawezi kuivunja.

Unadhani watu walikubali? Hawakukubali. Watu wa Bondeni wakaja na mapanga, kwang'! Mapanga yakapinda. Watu wa Mlimani wakaja na nyundo, kong'! Nyundo zikavunjika mipini. Jabali akaokota mapanga, akaokota nyundo, akavitafuna vyote kama mtu anayetafuna miwa, huku anawatazama. Watu wakarudi nyumbani. Walikuwa wanaogopa, na kuogopa si aibu ukiwa umemwona mtu anatafuna nyundo.

Basi Bondeni palikuwa na mama mmoja, Bi Somoe. Binti yake Riziki alikuwa amejifungua mtoto, na kwa kiu maziwa yakamkauka. Mtoto ananyonya, hakuna kitu. Analia, na sauti yenyewe inapungua. Bi Somoe akajifunga kanga, akaenda kisimani.

"Baba Jabali, siombi kwa ajili yangu. Binti yangu ni mzazi. Niongezee kikombe, mtoto apate maziwa."

"Mtoto ni nyumba?"

"Mtoto ni mtoto!"

"Sheria imesema nyumba. Sheria ni sheria. Chuma akisema, amesema." Akashusha bomba, akanywa mbele yake. Mbele ya bibi mzima anayeomba! Gubu gubu gubu.

Bi Somoe akarudi, akakaa kizingitini. Chini ya ghala lake alikuwa anaishi Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na macho ya ujanja. Alikuja na watu ndani ya magunia ya mbegu, hakualikwa na mtu. Nguchiro akatoka, akasimama kwa miguu miwili.

"Bibi, unalia?"

"Nilie na nini? Machozi yenyewe yatatoka wapi?"

"Niachie mimi."

"Wewe? Kitu chenyewe hakijai kapu!"

"Niachie mimi, bibi."

Nguchiro huyoo, mbio mpaka kisimani. Akangoja Jabali amalize kunywa.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Na pole sana."

"Pole ya nini?"

"Una kisima, lakini mtungi huna. Watu wanajinyima, kila nyumba inamimina nusu ya kikombe chake kwenye mtungi kule Bondeni, nyumbani kwa Mzee Lihumbo, wapate kumpa yule mzazi. Mtungi unakaribia kujaa. Maji ya kivulini, Bwana Mkubwa! Baridi!"

Jamani, siri ya watu! Mdomo wa Nguchiro umeitoa siri ya watu!

Macho ya Jabali yakawaka. Kisha yakafifia. "Siwezi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Waliotuunda walituandikia hivyo."

"Anayengoja kukaribishwa ni mgeni, Bwana Mkubwa. Mtani hangoji." Akamweleza utani wote, mwanzo mpaka mwisho.

"Mtani anachukua chochote?"

"Chochote, siku ya msiba."

"Na mwenyewe hakasiriki?"

"Anacheka. Lakini sikudanganyi, utani ni wa pande mbili. Nao wakija kwenye msiba wako, utacheka wewe, na wenzako watacheka."

Jabali akacheka pale pale, kwe! kwe! kwe! kama kifuniko cha sufuria inayotokota. "Msiba wangu? Chuma hafi! Sikilizeni. Watu wote wa Tulipofika ni watani wa Vyuma. Siku ya msiba mtani huchukua atakacho, na anayechukuliwa hucheka. Sheria ni sheria. Chuma akisema, amesema."

Tik! tik!

Haukupita muda, Mzee Lihumbo, ambaye alikuwa anamimina kikombe chake kizima badala ya nusu, akatoka mlangoni, akaona kizunguzungu, akaanguka. Puu! Mara ngondo! ngondo! ngondo! Jabali kafika na wenzake.

"Lihumbo!"

Kimya.

"Lihumbo!"

Kimya.

"Lihumbo!"

Kimya.

"Haitiki. Amekufa. Msiba!"

"Anahema!" watu wakapiga kelele. "Tazama kifua, anahema!"

"Sikuuliza habari za pumzi. Aliyeitwa mara tatu asiitike, huyo amekufa. Sheria ni sheria. Chuma akisema, amesema."

Tik! tik!

Wakaingia bila hodi. Wakabeba sufuria. Wakabeba mkeka. Wakabeba kitanda. Wakabeba mtungi, na Jabali akaunywa mpaka tone la mwisho, gubu gubu gubu, halafu akawaambia, "Chekeni, wafiwa." Mtungi wa yule mzazi!

Mzee Lihumbo akafumbua macho. "Jamani, kitanda changu kiko wapi?"

"Umekufa, mzee," jirani akamwambia.

"Mimi? Lini?"

Bi Somoe alikuwa amekwisha kushika mwiko, anamkimbiza Nguchiro kuzunguka ghala. "Mchawi we! Mtungi wa mwanangu umeuuza kwa mdomo! Leo utanitambua!"

Nguchiro akaruka juu ya paa. "Bibi, utanipiga, sikatai. Lakini niambie kwanza neno moja. Jabali akiwa anakunywa, huwa anaitika?"

Mwiko wa Bi Somoe ukabaki hewani.

Akauteremsha polepole. Akaingia ndani, akavaa kanga ya msibani, akapita Bondeni nyumba kwa nyumba, akatuma salamu Mlimani: watani, njooni na spana.

Jua likafika utosini. Tumbo la Jabali likachemka, akashusha bomba kisimani. Gubu gubu gubu gubu. Bi Somoe akajitokeza mbele ya watu.

"Jabali!"

Gubu gubu gubu.

"Jabali!"

Gubu gubu gubu. Alisikia. Nawaambieni, alisikia! Lakini maji yalikuwa baridi, akasema moyoni, funda moja tu, kisha nitaitika.

"Jabali!"

Gubu gubu gubu.

"Uuuwi!" Bi Somoe akapiga yowe, mikono kichwani. "Jabali katutoka! Uuuwi! Msiba!"

Jabali akavuta bomba haraka mpaka maji yakamwagika. "Niko hapa! Sijafa!"

"Nyamaza, marehemu," akasema Mzee Lihumbo. "Hata mimi nilikuwa nahema."

Jabali akataka kubisha. Tumbo likamkatalia, tik! tik! Aliyeitwa mara tatu asiitike, huyo amekufa. Vyuma wengine wote matumbo yakalia tik! tik! Wakaketi chini, wakanyoosha miguu, wakainamisha vichwa. Wafiwa.

Basi watani wakaingia. Watu wa Mlimani wakaanza matusi: "Hebu tazameni maiti hii ilivyo na kitambi! Marehemu alikuwa hapumui, anakunywa tu! Nani atamchumbia huko aendako?" Huku spana zinalia kriii! kriii! Mkono wa kulia ukatoka, ukabebwa. Mkono wa kushoto ukatoka, ukabebwa. Miguu ikatoka, mmoja wa Bondeni, mmoja wa Mlimani. Na Jabali anafanya nini? Anataka kukasirika, sheria inamkataza. Anacheka! Kwe! kwe! kwe! Anafunguliwa parafujo moja moja na anacheka, macho yamemtoka. Watu wengine walishindwa kutazama. Walikuwa wamemchukia, lakini kicheko kile kiliwatia baridi mgongoni.

Watani wakakisukuma kiwiliwili kando, lakini kisima kilikuwa bado ni mali ya marehemu. Bi Somoe akajilaza chali juu ya mdomo wa kisima, kama mtani anavyojilaza kaburini.

"Sitoki!"

Vyuma wakainua vichwa. "Unataka nini, mtani?"

"Kisima. Na maji yake yote. Sitoki mpaka nipewe, nizikeni hapa hapa!"

Wafiwa wakatazamana. Mtani akiomba, anapewa. "Chukua, mtani," wakasema, na wakacheka, kwe! kwe! kwe!

Ndoo ya kwanza hakuinywa mtu. Ilikwenda kwa Riziki. Akanywa, akapumzika, akanywa tena, na jua lilipopoa mtoto akashika ziwa, akanyonya, safari hii akameza. Bi Somoe alimtazama akimeza, na hapo ndipo machozi yalipopata pa kutoka. Alilia mpaka kanga ikalowa. Alikuwa na furaha ambayo sina jina lake.

Ndipo watu wakanywa. Wee! Waliinama kwenye ndoo vichwa vyote, Bondeni na Mlimani, wakubwa kwa wadogo. Gubu gubu gubu gubu.

Nguchiro akapanda juu ya ukuta, akasimama kwa miguu miwili.

"Watu wa Tulipofika!"

Gubu gubu gubu.

"Watu wa Tulipofika!"

Gubu gubu gubu.

"Enyi watu wa Tulipofika!"

Gubu gubu gubu.

"Uuuwi!" akalia Nguchiro. "Watani zangu wamekufa wote! Nchi nzima! Uuuwi, msiba gani huu!" Akashuka mbio, akaingia mabanda ya kuku bila hodi. Watu walipofuta midomo, hakuna yai. Banda hili hakuna, banda lile hakuna. Nguchiro amekaa juu ya paa, ute wa yai umemjaa ndevu.

Bi Somoe akachukua mwiko. Akafungua mdomo atukane. Akakumbuka sheria ni ya Chuma, lakini utani ni mila yao wenyewe, na mtani hakasirikiwi. Akaweka mwiko chini, akacheka, na kicheko chenyewe kilimuuma.

Tangu siku hiyo Nguchiro hula mayai ya watu bila kupiga hodi. Na ukienda Tulipofika leo utashtuka: kila mtu akinywa maji, anakunywa funda moja, anainua kichwa, anasema, "Naam!" Hakuna aliyemwita. Anakunywa funda la pili, "Naam!"

Funzo mnalitaka? Haya. Watoto, mtiini mwenye nguvu. Sheria yake msiivunje hata kidogo. Ifuateni neno kwa neno, msiache hata moja, mpaka mfike mwisho wake. Na kuchukua mali ya msibani ni tabia mbaya sana.

Ngano yangu nimeitua hapa.

— Tumeipokea!

Ikiwa tamu, tumeila sote. Ikiwa chungu, ni mtani wangu aliyeizidishia chumvi, nami siwezi kumkasirikia.