Wageni wa Bi Mwajabu

Wageni hawaishi, fungua kitabu. Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimwambia Rukia maneno hayo, aliposema atasoma akipata nafasi, naye Rukia kanuna akidhani kaitwa mvivu. Hakuitwa mvivu. Njooni mkae niwaeleze. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Kondoa, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga.

Bi Mwajabu alikuwa mpika maandazi. Kusoma alijifunzia ukubwani, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo alikuwa na hamu moja: asome kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho. Alikinunua, kinene, kisa cha mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, akakitia sandukuni. "Nikipata nafasi," alisema. Watoto saba, unga wa kukandwa alfajiri, leo harusi, kesho matanga. Nafasi ingetoka wapi? Miaka ishirini ikapita.

Kisha akaugua sukari. Kidonda cha mguu kikamlaza, na daktari hakumficha: macho nayo yanakwenda, huenda mwaka usiishe kabla hajashindwa kuona herufi. Bi Mwajabu alilia siku mbili. Siku ya tatu akaagiza kitabu kitolewe sandukuni. Alijiambia kwamba sasa amelala, hana unga wala harusi, atasoma.

Maskini, alisahau kwamba kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Majirani walikuja, wakaja akina mama wa kikundi, wakaja na wakwe kutoka Bereko. Kila aliyeingia aliuliza, "Hebu tueleze, ilianzaje?" na Bi Mwajabu akaanza upya, tangu kidole kilipojikwaa. Kusoma mbele ya mgeni ni kumfukuza, ndivyo tulivyolelewa. Basi kila aliposikia hodi, kitabu kilikwenda chini ya mto. Wiki tatu zikaisha yuko ukurasa wa nne, na herufi zimeanza kuingia ukungu.

Aliyekuwa akimuuguza ni wifi yake, Bi Sijali, mwanamke mwenye moyo mzuri na amri nyingi. Siku moja, akitandika kitanda, alikikuta kitabu.

"Ndiyo maana huponi!" alisema. "Kusoma kunachosha damu." Akakiweka juu ya kabati.

Bi Mwajabu alikitazama kule juu. Mguu haukumruhusu hata kusimama. Aliumia kuliko siku alipoambiwa habari ya macho, maana macho aliyachukua Mungu, lakini kitabu kilichukuliwa na mtu anayempenda.

Alasiri wakaja wageni sita kwa mpigo. Hawajamaliza hata salamu, Bi Mwajabu akasema, "Wifi, niteremshie kitabu changu."

"Mbele za watu? Wamekuja kukuona wewe!"

"Basi na wanione. Huyu ndiye mimi."

"Subiri waondoke, jamani."

"Wakiondoka hawa watakuja wengine. Wageni hawaishi, wifi. Macho yangu ndiyo yanayoisha."

Bi Sijali alipanda kiti, akakiteremsha, na akampa bila kumtazama usoni. Bi Mwajabu akafungua, akaomba radhi, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Wageni walitazamana kama watu waliokosea nyumba. Lakini alipofika pale shemeji wanapong'oa mipaka ya shamba, Mzee Chobu, aliyekwisha kushika fimbo yake aondoke, akairudisha ukutani.

"Na huyo mjane akanyamaza tu?" aliuliza.

"Sijui. Sijafika."

"Soma basi, mwanangu!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza ilianzaje. Waliuliza mjane kafika wapi. Aliyechelewa alisimuliwa mlangoni kwa kunong'ona. Bi Mwajabu alisoma akiwa na homa, alisoma kidonda kikioshwa, siku nyingine nusu ukurasa tu, akalala.

Ukungu haukumngoja. Zikiwa zimebaki kurasa thelathini na moja, alikileta kitabu karibu na pua, akakisogeza mbali, kisha akakiweka kifuani. "Basi," alisema. "Nimeishia hapa."

Bi Sijali alikuwa akikoroga uji. Aliacha mwiko, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa kitandani na kukichukua. Alisoma vibaya, akirukaruka na kurudi, machozi yakimdondoka, lakini alisoma. Bi Mwajabu alifumba macho, akasikiliza kitabu chake kikienda mwisho.

Zilipobaki kurasa mbili, hodi ikasikika. Bi Mwajabu, kwa mazoea, akanyoosha mkono akifunge, akifiche. Bi Sijali akaushika mkono ule, asiuachie.

"Karibu, kaa popote," alimwambia mgeni bila kuinua uso. Kisha akamwambia wifi yake, "Wageni hawaishi, fungua kitabu." Akaendelea kusoma.