Kwa Nini Mtangulizi wa Gari la Mavuno Hutembea Kinyumenyume

Zamani hapa Mshewa, mtu aliyetangulia mbele ya gari la mavuno alitembea kama watu wote wanavyotembea, uso mbele na mgongo nyuma. Ninyi mnaolisubiri gari hapa ukingoni mtamwona leo akija amewapa mgongo, na wageni watauliza kama amelewa. Hajalewa. Nitawaeleza kabla ngoma hazijafika, maana zikifika hamtanisikia, na kutosikia ndiko kulikoanzisha jambo lenyewe.

Wakati huo mji ulikuwa na mitaa miwili tu, Juu na Bondeni. Mavuno yakisha kuingia ghalani, kila mtaa uliunda gari lake la mapambo, na magari hayo mawili yaliteremka yakifuatana kutoka kileleni hadi uwanja wa kisimani, ambako jumbe aliamua lipi limependeza. Najua magari ya namna hii hayako kwetu tu. Iko miji ya mbali inayoyafunika kwa maua matupu, iko inayoyavuta kwa kamba ndefu zilizoshikwa na mji mzima, na iko inayoyawasha taa kila upande. Kote huko watu wanataka jambo lile lile: kitu kizito kionekane kama kinaelea.

Sisi tulikuwa na sharti letu. Ndani ya gari, chini ya fito na majani, walikuwamo wanaume waliolisukuma na mmoja aliyeshika mti wa usukani. Hao hawakutakiwa kuonekana hata unyayo. Gari lililoonyesha mguu wa mtu liliuaibisha mtaa wake mwaka mzima. Kwa hiyo liliezekwa pande zote hadi chini, na waliokuwa ndani walitembea bila kuona kitu. Waliongozwa na sauti ya mtangulizi, mwanamke aliyetembea mbele akiimba. Ubeti mmoja ulikuwa wa kushoto, mwingine wa kulia, mwingine wa kupunguza mwendo. Watu wa barabarani walisikia wimbo. Wale wa ndani walisikia njia.

Mtangulizi aliimba akiwaelekea watu. Kuwapa mgongo jumbe na wazee lilikuwa tusi. Nao watu hawakuruhusiwa kumsemesha akiwa kazini. Walimpigia vigelegele tu.

Mtangulizi wa mtaa wa Juu alikuwa Siwema, msusi wa vikapu, mwanamke mrefu. Mumewe, Shemboza, alikuwa seremala, naye ndiye aliyeshika usukani wa gari lile lile. Majirani waliwaita Baba Hoza na Mama Hoza, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na wao wenyewe waliitana hivyo. Shemboza aliweza kuitoa sauti ya mkewe katikati ya ngoma kama mtu anavyookota punje nyeusi kwenye ungo wa mchele.

Mwaka ninaousema, Bondeni walikuwa wameshinda mara kadhaa mfululizo, na mtaa wa Juu ulikuwa umechoka kuchekwa. Wakaamua kuunda ndege kanga mrefu kupita mapaa ya nyumba. Mwili wake ulikuwa wa mianzi, wakamvika kaniki, na juu ya kaniki wakashona mbegu za maboga ziwe madoa meupe. Kifua walikiziba kwa maua ya porini yaliyosukwa na nyasi. Kila siku waliongeza kitu. Watu wa Bondeni walikuja kuchungulia uani na kuuliza kwa adabu nyingi, "Huyo kuku wenu ameanza kutaga?"

Siku walipolijaribu gari uwanjani, Shemboza aliita kutoka ndani, "Mbona huimbi ubeti wa kushoto?"

"Nimeuimba mara mbili, Baba Hoza."

"Sijasikia hata neno."

Vumbi la kupepeta mtama lilikuwa limemwingia Siwema kifuani, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Shemboza alitoka chini ya gari, majani yakiwa kichwani, akamwendea Bi Mwanamvua, aliyesimamia upambaji wa mtaa mzima.

"Bibi, mwaka huu atangulie mwingine."

"Mwingine nani? Ninyi mle ndani mmezoea sauti moja. Mwingine ataimba kushoto, ninyi mtasikia kulia. Mpe tangawizi na asali. Kesho ataimba mpaka mlima uitikie."

Siwema alikuwa ameketi chini akishona mbegu za mwisho. Hakuinua kichwa. Shemboza akachutama karibu yake.

"Nikikosa kukusikia, nitasimamisha gari."

"Uwanjani utasimamisha. Pale kwenye kona utasimamisha kwa nguvu gani? Huyu kanga ana uzito wa nyumba."

Kona aliyoitaja ni hii mnayoiona. Barabara inashuka kwa kasi, kisha inakata kushoto ghafla, na anayekwenda moja kwa moja anaingia korongoni.

Shemboza hakuwa mtu wa kungoja jambo limkute. Alfajiri alivua viatu akateremka peke yake, macho ameyafumba, akaipapasa barabara kwa nyayo. Kabla ya kona palikuwa na mwamba bapa uliokatiza njia. Akaenda, akarudi, akaukanyaga tena na tena mpaka nyayo zikaujua. Alijiambia kwamba hata asiposikia kitu, akiufikia mwamba ule atakata kushoto. Akapanda nyumbani akiwa na afueni kidogo, na hakumwambia mtu.

Baada ya yeye kupanda, vijana wa Juu waliteremka na vikapu vya mchanga. Walitaka magurudumu yapite laini, kanga wao asitikisike, mbegu zisipukutike. Wakaimwagia barabara mchanga tangu kileleni hadi chini ya kona, wakausawazisha vizuri. Mwamba ukafunikwa.

Msafara ulipoanza, Siwema alisikika. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwapo, na ndani ya gari Shemboza aliifuata kama anayefuata uzi. Wakapita nyumba za kwanza. Wakapita soko. Bondeni walikuwa nyuma yao na ngoma nyingi kuliko mwaka wowote, na kila barabara ilipozidi kushuka, ngoma zilizidi kusogea. Wasukumaji waliacha kusukuma, wakaanza kuvuta nyuma ili kulizuia gari. Visigino vyao viliteleza kwenye mchanga.

"Anasemaje?" mmoja aliuliza.

"Nyamazeni," Shemboza akasema.

Alikuwa hasikii kitu. Aliutafuta mwamba kwa nyayo, akakuta mchanga. Akapiga hatua nyingine, mchanga tena. Hakujua kama kona iko mbele au ameshaifikia. Akaita, "Mama Hoza!" lakini jina halikutoka nje ya majani.

Huko nje Siwema alikuwa amenyanyua mikono, anatabasamu kama ilivyopasa, na kinywa chake kilikuwa wazi bila sauti. Aliwaona jumbe na wazee wake, waliokuja hapa konani kulitazama gari likipinda, wakiacha kumtazama yeye na kutazama juu ya kichwa chake. Aliona nyuso zao zikibadilika. Ndipo akageuka.

Aligeuka mbele ya jumbe, akampa mgongo yeye na wazee wake wote. Mtu mmoja alifoka. Siwema alikikimbilia kifua cha yule kanga, akaingiza mikono yote miwili kwenye maua na kuyang'oa, nyasi na fito nyembamba pamoja, mpaka pakawa na tundu la kiasi cha uso wa mtu. Ndani yake akamwona mumewe, na mumewe akamwona.

Hapo akaanza kutembea kinyumenyume. Gari lilimjia, naye alirudi nyuma mbele yake, akionyesha kwa mkono: kushoto, bado kidogo, sasa. Shemboza hakuiona barabara. Aliuona uso wa mkewe na mkono wake, akakata kila alipoambiwa. Gari likaanza kupinda. Gurudumu la nje lilikuwa karibu mno na ukingo, na kutoka katikati Siwema hakuweza kuliona. Kwa hiyo alisogea upande wa korongo ili alitazame, mkono wake akiuacha mbele ya tundu, ukisema kushoto, kushoto.

Watu waliokuwa karibu naye walikuwa wengi. Wote walikuwa wametazama juu, jinsi kichwa cha kanga kilivyoyumba. Gari lilipomaliza kona, vigelegele vikapigwa. Ndani ya tundu Shemboza aliuona mkono, kisha maua, kisha anga tupu. Alingoja mkono urudi. Hakuuachia usukani, maana alikuwa na roho za wenzake mikononi. Alilifikisha gari kwenye tambarare, akatia kigingi kwenye gurudumu, kisha akatoka chini ya majani mbele ya watu wote na kupanda tena mlima mbio.

Siwema walimtoa korongoni jioni, na mwaka ule jumbe hakutaja mshindi.

Mavuno yaliyofuata, wanawake wa Juu walitaka kuunda kifua kipya kisicho na tundu. Shemboza alikuja na duara la mti alilolichonga mwenyewe, akalifunga palepale palipong'olewa maua, kwa urefu ule ule. Kisha akawageukia watu waliokusanyika, wa Juu na wa Bondeni.

"Mimi mle ndani sikuwa na macho," alisema. "Yeye alinipa yake. Ninyi mlikuwa nayo. Mliyapeleka wapi?"

Alishika usukani miaka mingi baada ya hapo, na kila alipolifikisha gari uwanjani alikuwa wa mwisho kutoka.

Kuanzia mavuno yale, kila gari la Mshewa lina tundu kifuani, na kila mtangulizi huja akilitazama gari, amewapa watu mgongo, na hakuna anayeliita tusi. Tundu halijawahi kushushwa. Watangulizi wafupi hulazimika kuinua kidevu ili waonekane kutoka ndani, na wageni hudhani wanaringa. Na lile katazo la kumsemesha mtangulizi lilikufa siku ile. Sasa anayesimama ukingoni ana kazi. Mtangulizi akikufikia, unamwambia kilichopo nyuma ya visigino vyake: "Pako sawa, mama." "Jiwe, mama, sogea kulia." Anakuamini bila kugeuka, kisha anapokewa na anayekufuata.

Hizo ngoma zimeshapita soko. Sogeeni huku, ninyi wageni, ninyi ndio mtakaokuwa upande wa korongo. Mapambo mtayaona uwanjani, hayakimbii. Hapa tazameni visigino vyake, na mseme kwa sauti.