Ufunguo wa Pampu na Uchaguzi wa Ufaransa

Ndugu zangu, kabla hatujainuka, kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu na sijapata jibu lake. Mtu ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro, anajuaje Wafaransa watamchagua nani kuwa rais wao?

Mtu huyo alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika mji mmoja wa pwani. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa na wenzake barazani, pembeni ya msikiti, redio ndogo pajani, akiwatafsiria habari. Uchaguzi wa Ufaransa ukikaribia, baraza zima lilihamia Paris. Mchinjaji alikuwa na mgombea wake, seremala na wake. Hata sura za wagombea hao hawakuzijua, lakini walinuniana kwa ajili yao. Sharti lilikuwa moja: atakayekosea kutabiri ataosha vikombe vya kahawa vya baraza zima. Mwalimu hakuwahi kuosha kikombe.

"Unayaona wapi haya?" mchinjaji alimuuliza mwaka mmoja, mikono imejaa povu.

"Wale wanapiga kura mara mbili," mwalimu akamjibu. "Mara ya kwanza mtu anamchagua anayempenda. Wakibaki wawili, majuma mawili baadaye anarudi kumkataa anayemwogopa. Ninyi mnahangaika kujua nani anapendwa. Mimi naangalia nani anaogopwa zaidi."

"Kwa hesabu hiyo mama mkwe wangu hapati hata kura moja."

Wapo wataalamu wanaoijua kanuni hiyo na bado wanakosea. Yeye alipatia kila mara. Siri yake siijui mpaka leo.

Sasa, ng'ambo ya baraza mama mmoja aliuza vitumbua. Mwanawe, mtu mzima, alikuwa amepotelea kwenye unga, dawa za kulevya, kwa miaka. Akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya waraibu, akatibiwa, akarudi. Imamu wa pale akampa ufunguo wa chumba cha pampu, awe anaamka kabla ya alfajiri kujaza tangi la maji ya udhu. Yule mama alipouona ufunguo ule kiunoni mwa mwanawe, alihisi amerudishiwa mtoto.

Barazani wakamgeukia mwalimu. "Haya, mtabiri wetu. Huyu teja atadumu?"

Mwalimu hakuwa na chuki naye. Alipima kama alivyozoea kupima: nani anaogopwa hapa?

"Hafiki Ramadhani," akasema.

"Atafika," seremala akabisha.

"Basi andaa sabuni."

Wakacheka. Kumbe mwenyewe anayesemwa alikuwa amesimama nyuma yao na sahani ya vitumbua kutoka kwa mama yake. Akaiweka chini, akasema, "Karibuni," akaenda zake.

Tangu siku ile, watu wakimwona karibu na mlango waliingia msikitini na viatu mkononi. Mchinjaji akawa anachungulia chumba cha pampu kila swala. "Natazama tu," alisema. Wengine walimpa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika mfuko wenye simu. Walikuwa wanangoja, kama walivyozoea kungoja matokeo.

Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ilipoingia, alfajiri moja ufunguo ulikutwa umetundikwa mlangoni. Pampu ilikuwepo. Tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Yeye hakuwepo. Alikuwa amemwambia mama yake anarudi kule kwa waraibu kuomba nafasi, kabla hajaurudia unga.

Jioni seremala alianza kukusanya vikombe. "Wewe mwalimu hukosei," akasema. Mwalimu alihisi ile raha yake ya siku zote, raha ya mtu aliyepatia. Ndipo mama wa vitumbua akavuka njia.

"Mwalimu, mwanangu, nikuulize. Wale Wafaransa, ulipowatabiria, walikusikia?"

"Hawakunisikia, mama. Watanisikiaje huko waliko?"

"Mwanangu alikusikia."

Akarudi kwenye vitumbua vyake.

Mwalimu aliizima redio. Kwa Wafaransa alikuwa mtazamaji tu. Hapa alikuwa mpiga kura, na kura yake aliipiga kwa sauti, na mtaa mzima ukamfuata.

Na sisi je? Nani kati yetu hajawahi kusema, ndoa ile haimalizi mwaka? Nani hajasema, mtoto yule ni wa kufeli tu? Kisha yakatimia, tukatembea vifua mbele: si niliwaambia? Tuliwahi kujiuliza kama waliotajwa walitusikia? Mwalimu simlaumu, alisema kilichokuwa vinywani mwa wengi. Mambo ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Tukikisia Ufaransa, Ufaransa haipungukiwi kitu. Lakini mtu anayeishi nasi, anayetusikia, tukimtabiria mabaya tumeshatia mkono kwenye sanduku lake la kura.

Najua mnataka kuuliza kama yule bwana alirudi. Nawaona nyusoni, wengine mmeshajijibu. Ninyi mliojijibu ndio niliokuwa nasema nanyi tangu mwanzo.

Mimi nitawaambia kilichoamuliwa pale barazani jioni ile. Ufunguo hautapewa mtu mwingine, na mmoja wao aende akamwombe mwenyewe aje auchukue. Maji aliyoyaacha yangetosha mpaka kesho yake. Imamu alitaka kwenda, seremala naye akajitolea. Mwalimu alivichukua vikombe mikononi mwa seremala, akaviosha vyote, akavipanga, akafuta mikono kwenye kanzu. Kisha akautia ufunguo mfukoni, akaiacha redio pale barazani, akaenda yeye.