Tuta la Mama Kuang

Huko Uchina, wafalme walipokuwa bado wafalme, Balozi Harkwell, mgeni aliyesimamia ujenzi wa reli, alitandaza ramani mbele ya mkuu wa wilaya, Bwana Shen. Kwenye ramani hiyo, reli mpya ilipita katikati ya bustani ya Mama Kuang, mjane aliyelisha watoto watano kwa bustani hiyo tu.

"Sipindishi reli kwa ajili ya mboga," balozi alisema.

Walipofika bustanini, walimkuta Mama Kuang amepiga magoti mbele ya tuta refu la udongo, ubani unafuka, analia.

"Kaburi?" balozi aliguna. "Lihamishwe."

"Sawa, mheshimiwa," mjane alijibu akipenga kamasi. "Ila kwa mila zetu, anayehamisha kaburi hushika nafasi ya mtoto wa marehemu. Utavaa gunia jeupe, utatembea peku hadi mjini ukilia, na siku mia hutanyoa ndevu."

"Bwana Shen, ni kweli haya?"

"Na kulia kwenyewe ni kwa sauti," alisema Shen.

Balozi alitoa kalamu, akaipindisha reli kwenye ramani, akaondoka.

Mama Kuang alichukua jembe, akafukua tuta. Akatoa kabichi mbili kati ya zile alizozifukia kwa ajili ya majira ya baridi, akampa Shen.

"Pole kwa msiba, mama," Shen alisema, akizipokea kwa mikono miwili.